Nilipaka waksi sitaha, nahodha akala mweleka

Juzi jamaa mmoja kanitumia picha ya boti yake, anauliza "kaka nipake waksi gani, imekuwa nyeupe kama imemwagiwa unga wa sembe". Nikaanza kumjibu kwa voisi noti, ya kwanza ikaenda dakika nne, ya pili sita, katikati ya ya tatu nikajiambia hapana, hii niandike tu maana kila miezi kadhaa kuna mtu ananiuliza swali hilohilo, na mimi mwenyewe nililipata jibu lake kwa hasara.

Boti yetu ni ya faiba, futi 23, injini Enduro 40, inabeba watu kutoka Kunduchi, Dar es Salaam, kwenda kisiwa cha Mbudya na kurudi, wikiendi tukibahatika na watu wa kwenda kuvua. Tuliinunua mimi na mjomba ikiwa imetumika, na yule aliyetuuzia alituambia ni ya bluu. Bluu yenyewe ilikuwa ya kuhadithiwa. Ubavuni imepauka kama kanga ya miaka kumi, ukiegemea unaondoka na poda nyeupe kwenye shati, na watoto wa pale ufukweni walikuwa wanapitisha kidole wanaandika majina yao na magoli ya Simba na Yanga. Mjomba akasema hiyo si kitu, itapigwa waksi.

Nikaenda Kariakoo nikanunua waksi ya gari, kopo kubwa, ile inayonukia vizuri, tukaanza kupaka asubuhi mpaka jioni, mimi, mjomba na dogo mmoja wa kutusaidia, mikono ikafa ganzi. Jioni jua likiwa linazama boti ikang'aa bwana, tukapiga picha, mjomba akaweka status. Siku ya nane ikarudi kuwa nyeupe. Yaani hata haikupauka taratibu, ilipauka kwa mabaka kama mtu mwenye mba.

Sasa pale kuna mzee mmoja tunamwita Babu, zamani alikuwa fundi wa majahazi na mashua, siku hizi anakaa tu chini ya mvinje anashona nyavu za watu. Nikapita nikamsalimia, shikamoo Babu, marahaba, akaangalia boti, akanyanyuka (na huwa hanyanyuki ovyo), akapitisha kiganja ubavuni, akanionyesha kiganja kimejaa poda. Akasema, "Mjukuu wangu, umepaka deheni juu ya vumbi." Akarudi kukaa.

Kwa ambao hamjakulia pwani, deheni ni ile mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa ambayo chombo cha mbao kinapakwa chini, sehemu inayokaa majini, ili wadudu wanaotoboa mbao wasiingie na mbao isinyonye maji. Huku juu mbao zinapakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, harufu yake ukiijua huisahau. Na kabla ya deheni chombo kinapandishwa pwani, kinakwanguliwa, kinachomwa kwa moto wa makuti chini chini mpaka kikauke na wadudu wafe, ndo kinapakwa. Hakuna fundi anayepaka deheni kwenye chombo kichafu chenye maji. Kupaka ni kazi ya mwisho na ndo nyepesi kuliko zote. Mimi nilianzia mwisho.

Tofauti ni kwamba chombo cha mbao adui yake mkubwa yuko chini, wadudu, ila boti ya faiba inaliwa kutoka juu, na anayeila ni jua. Ile rangi unayoiona kwenye boti ya faiba mara nyingi si rangi ya kupaka, inaitwa jelikoti, ni rezini ya poliesta (plastiki ya majimaji inayoganda) iliyochanganywa rangi ambayo kiwandani inapuliziwa kwanza kwenye kalibu, lile umbo la kuundia boti, halafu ndo matabaka ya faiba yanafuata nyuma yake. Ni nyembamba, kama nusu milimita tu. Jua la huku linaivunjavunja ile rezini ya juu kabisa, inakuwa unga, na chini ya unga jelikoti inakuwa na vitundu vidogo vidogo inaanza kushika uchafu, moshi wa injini, damu ya samaki, kila kitu. Ile poda kwenye kiganja cha Babu ndo boti yenyewe inaondoka. Ukipaka waksi juu yake waksi inashikana na poda, poda ikiondoka na waksi imeondoka, ndo habari ya siku nane.

Kwahiyo kinachofanya boti ing'ae si waksi. Waksi inalinda mng'ao ambao umeshautengeneza kwa mkono. Inakaa juu, jua na chumvi vinaila yenyewe kwanza badala ya kula jelikoti, ikiisha unapaka nyingine. Hili ningelijua mapema ningebaki na hela ya lile kopo.

Tukaanza upya. Kwanza kuosha, na siku hii ya kwanza tu unatumia ile sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, maana inakata mafuta na tunataka itoe waksi yote ya zamani. Baada ya hapo usiirudie kuoshea boti kila siku, itakuwa inakuondolea waksi uliyoipigania, chukua shampuu ya boti au ya gari. Jiki usiizoee, inakausha jelikoti, na sabuni za unga wenye mchanga mchanga ndani acheni kabisa, zinakwaruza. Madoa ya kutu yanayoshuka kutoka kwenye bolti, na ule mstari wa kahawia pale maji yanapoishia, sabuni haiyatoi hata usugue na dua, yanataka asidi. Sisi tulianza na ndimu, ilitoa kidogo kwa madoa mepesi, kwa yaliyobaki tukatumia asidi ya oksaliki, unapaka inakaa dakika chache unasuuza kwa maji mengi, na uvae glovu na miwani. Usiichanganye na Jiki hata kwa kuangalia nini kitatokea, kinachotokea ni gesi yenye sumu.

Halafu ikaja kazi yenyewe. Kama boti yako imepauka kidogo tu, kompaundi peke yake inatosha, ile inayofanana na dawa ya meno yenye chembechembe laini za kukwangua. Yetu ilikuwa imepita hapo, ilibidi msasa. (Msasa jamani awali ni mti, majani yake yanakwaruza, mafundi walikuwa wanasugulia mbao kwa majani yake kabla ya hizi karatasi za dukani, na jina ndo likahamia kwenye karatasi.) Tukasugua kwa msasa wa maji, tukaanza namba 800, tukaenda 1000, tukamalizia 1500, muda wote unamwagia maji na tone la sabuni. Yale maji yanayoshuka yanakuwa na rangi ya boti, usishtuke, ila ujue tu kwamba unachokiona kinateremka hakirudi. Nusu milimita si nyingi. Ni kama kipande cha sabuni, kila ukisugua kinapungua, kwahiyo huwezi kila mwaka kuamka na msasa. Ndo sababu unapaka waksi, ili msasa usiuhitaji tena mpaka miaka ipite.

Baada ya msasa inakuja kompaundi na mashine. Mashine ya kupolishi ile ya kuzunguka, pedi ya manyoya, spidi ya chini, sisi hatupiti raundi 1,800 hivi kwa dakika, na usiikalishe sehemu moja hata sekunde mbili tatu za kupokea simu. Mimi nilipokea simu. Kuna alama ya ukubwa wa sahani ya chai pale karibu na omo, yaani mbele ya boti, upande wa kulia, jelikoti imeungua na kuisha faiba inachungulia, na kila mtu anayepanda boti anauliza tuligonga wapi. Kwenye kona na kingo jelikoti ni nyembamba zaidi, hapo achana na mashine, tumia mkono. Weka plasta ya karatasi juu ya kingo kabla hujaanza, mafundi wa magari wanafanya hivo hivo.

Utajuaje umemaliza? Chukua kitambaa cheusi pitisha, kikitoka na unga bado hujamaliza. Na ukisimama ubavuni ukajiona, hata kama sura ina ukungu kidogo, hapo endelea na polishi laini kisha waksi. Kama hujioni usipake kitu, rudi kwenye kompaundi.

Kuhusu aina ya waksi watu wanagombana sana na mimi sitaki ugomvi. Kuna ya karnauba, hii ni nta ya majani ya mti jamii ya mitende unaoota kaskazini mashariki ya Brazil, ni ngumu kuliko nta nyingi, haiyeyuki mpaka ifike kwenye nyuzi 80 na kitu. Kuna hizi za kisasa za polima zinadumu zaidi kwenye jua. Mimi siku hizi natumia polima ubavuni, na karnauba kwenye dashibodi na sehemu zinazoonekana, basi tu naipenda mwanga wake. Ya gari si kosa sana ila nyingi zina silikoni, na siku ukitaka kupaka rangi au kuziba jeraha pale rangi inakataa kushika, inajitenga inafanya vitundu vitundu kama macho ya samaki. Na kuna mtu pale kwetu aliyeyusha mishumaa akachanganya na mafuta ya taa akapaka boti nzima. Kufika saa sita mchana mshumaa ukalainika, mchanga wote wa Kunduchi ukahamia kwake. Tulimpa pole huku tumegeuka upande.

Paka kwenye kivuli, boti ikiwa ya baridi. Ukiweka waksi kwenye ubavu wenye joto inakauka kabla hujaisambaza, unabaki na michirizi ambayo kuitoa ni kazi kuliko kuipaka. Fanya kipande kama cha mkono mmoja kwa mkono mmoja, subiri iwe kama ukungu, futa kwa taulo safi, geuza taulo, futa tena. Nyembamba mbili zinashinda nene moja.

Hapa sasa ndo bahari inaingilia ratiba yako. Huku kwetu bamvua, siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yanajaa alfajiri kwenye saa kumi na tena jioni kwenye saa kumi, yanakupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, tofauti ya kujaa na kukupwa inapita mita tatu. Raha yake ni kwamba boti unaiacha inakaa yenyewe mchangani, huhitaji kreni wala hela ya mtu, unapata masaa kama matano ya kufanya kazi chini. Shida ni kwamba masaa hayo matano ndo yaleyale ya jua kali. Kwahiyo tumegawa: maji kupwa ya asubuhi ni ya kazi za chini ya boti, kukwangua, kuangalia mkuku (ule uti wa mgongo wa boti kwa chini), kuziba. Waksi tunasubiri maji ya kujaa, tunaivuta boti kwa magogo mpaka juu kabisa chini ya mivinje, tunafanya kuanzia kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu tunaacha. Mvinje nao una mambo yake, zile sindano zake zinadondoka kwenye waksi mbichi, tukafunga turubai. Na msimu mzuri ni mwezi wa sita na wa saba, mvua za masika zimeisha, kusi linapuliza, hali ya hewa imepoa. Tunarudia kabla ya jua la kaskazi la mwisho wa mwaka, na katikati ya hapo kila miezi mitatu hivi tunapitisha tabaka moja jepesi. Ishara ni maji, ukimwaga ndoo ubavuni maji yakijikusanya matone matone waksi ipo, yakitandaa kama shuka waksi imekwisha.

Chini ya mstari wa maji ni hadithi nyingine, kama boti yako inalala majini usipake waksi huko, inatakiwa rangi ya kuzuia mwani na vile viumbe vya magamba magumu vinavyojibandika, na rangi hiyo haishiki juu ya waksi hata chembe. Hata boti mpya kabisa inatoka kiwandani ikiwa na nta ya kalibu, ile waliyopaka ili boti isigande humo, lazima uitoe kwa dawa yake ya kutolea nta kabla ya kupaka chochote. Na uitoe kabla ya kupiga msasa, ukianza na msasa unaizika nta ndani ya mikwaruzo. Yetu tunaivuta juu karibu kila jioni kwahiyo kukwangua kila bamvua kunatosha. Ukiona malengelenge huko chini yanayotoa maji yenye harufu kama siki ukiyatoboa, hayo maji yameingia kwenye faiba, waksi haihusiki, tafuta fundi.

Sasa nahodha. Siku ile ya kopo la Kariakoo, waksi ilibaki, na mimi kwa akili zangu nikaona kwanini ubavu ung'ae sitaha, ile sakafu ya juu tunayokanyaga, ibaki chafu, nikapaka sitaha nzima, mpaka pale mbele anaposimama mtu wa nanga. Kesho yake watu kumi, familia moja kutoka Dodoma, nahodha anapanda na dumu la petroli mguu ukiwa umelowa. Sikuona akianguka, nilisikia. Dumu likaenda huku, kandambili kule, yeye kakaa chini katikati ya sitaha anatuangalia kama sisi ndo tumemsukuma. Hakuumia zaidi ya kiuno siku tatu, dumu kifuniko kilikuwa kimekaza, Mungu mkubwa. Wale watoto wa Dodoma walicheka mpaka Mbudya. Mjomba hakucheka, aliniambia "mjomba, leo ungetuulia mtu kwa ajili ya urembo", na hakunisemesha mpaka jioni.

Sehemu yoyote anapokanyaga mtu haipakwi waksi. Zile vipele vipele au mistari mistari iliyochongwa kwenye sitaha imewekwa ili mguu ushike, ukijaza waksi humo umetengeneza barafu, na ongeza mafuta ya nazi na losheni za jua walizopaka wageni. Sitaha unaiosha kwa brashi laini na shampuu, unasuuza kwa maji matamu kila ukirudi maana chumvi ikikauka inabaki humo kwenye vipele, basi. Kuna dawa maalum za sitaha zinazolinda na haziteleshi, zipo, ila jaribu kona moja kwa mguu uliolowa kabla hujamwaga kote. Waksi piga pembeni za viti, kioo cha mbele pembezoni, kuta za ndani, basi. Mimi ile yangu niliitoa kwa asetoni na brashi ya kufulia nimepiga magoti, nusu siku, nahodha kakaa kwenye kiti cha plastiki ananionyesha sehemu niliyoruka.

Kitu kingine, zile nyufa ndogo kama utando wa buibui kwenye kona za sitaha, usizifunike kwa waksi uongo uongo. Zichimbe kidogo kwa ncha, safisha kwa asetoni, ziba kwa jelikoti. Na ukinunua jelikoti ya kuzibia uulize kama ina nta ndani yake. Poliesta ikiwa inagusana na hewa juu yake haikauki, inabaki inanata, ile nta inapanda juu inafunika ndo inakauka. Kama haina, bandika nailoni juu mpaka ikauke. Hadena, ile dawa ya kuigandisha, ni asilimia moja mpaka mbili, na kwa joto letu kaa kwenye moja, la sivyo itakukaukia kwenye kikombe huku ukitafuta brashi. Hadena ikikuingia jichoni ni balaa, vaa miwani. Na ukipiga msasa mkavu kwenye faiba vaa barakoa na mikono mirefu, vinginevyo usiku mzima utajikuna na hutajua uanzie wapi.

Babu alikuja kuikagua mwezi wa saba tulipomaliza. Akapitisha kiganja ubavuni, akakiangalia, akakinusa. Akasema haina harufu, chombo gani hiki hakina harufu. Akapanda mwenyewe, umri ule, viatu mkononi, akatembea sitaha mpaka omo na kurudi, polepole, anapima kwa kisigino. Akashuka hajasema kitu, akarudi kwenye nyavu zake. Mjomba anasema hiyo ndo sifa, mimi bado sijui.

Jamaa wa picha, boti yako kwa nilivyoona imefika kwenye msasa, usinunue waksi kwanza, nunua karatasi za 800, 1000 na 1500 na kompaundi, mashine ninayo. Jumamosi ni bamvua, maji yanakupwa saa nne. Njoo kumi na mbili na turubai lako na mtu mmoja wa kusaidia, chai tutapata palepale kwa mama wa chapati.